Vitabu Vilivyokatwa Masikio

Baba yangu alizaliwa Migato, katika mji wenye ng'ombe wengi na watu wachache. Mama yangu alizaliwa Kiloleli, upande wa ziwa, na mpaka anakufa hakuacha kulalamika kwamba huku kwetu samaki anafika akiwa amechoka. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, usiyaandike. Yamechorwa kwenye saruji ya makaburi yao na hapo yanatosha. Mimi nilizaliwa hapa hapa ninapokaa, nje kidogo ya Dutwa, na sikusoma. Andika hivyo hivyo: sikusoma. Usiandike kwamba sikubahatika kupata elimu, kama wanavyosema washereheshaji kwenye misiba. Baba alikuwa na watoto wawili wa kiume na kundi moja la ng'ombe. Mmoja akaenda shule, mwingine akaenda machungani. Ndugu yangu alikuwa akirudi jioni na viatu vyake mkononi, ananiuliza ng'ombe wake wako wapi, nami namwonyesha. Basi kila mmoja wetu alikuwa na kazi.

Umeniomba nikueleze habari za vitabu vya baba yako, kwa kuwa wakati ule wewe ulikuwa shuleni, bweni, na kila mtu amekusimulia kwa namna yake. Fundi baiskeli amekueleza ya kwake, mama yako ya kwake, na wote wawili wamenifanya mimi nionekane kichekesho. Nimekubali kusema kwa sharti moja, kwamba usininyooshee maneno. Kwa utani wetu wa babu na mjukuu wewe ni mke wangu, na mke mwema haongezi chumvi kwenye sahani ya mumewe bila kuulizwa. Umecheka. Andika kwamba umecheka.

Baba yako alikuwa karani katika kinu cha kuchambulia pamba, Bariadi. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa shati la mikono mirefu hata katika jua la kiangazi, na nyuma ya sikio lake kulikuwa na penseli siku zote, hata kanisani, hata siku ya harusi yake. Alipoleta mahari, ng'ombe walikuwa wazuri, siwezi kuwasema. Lakini wazee walipomwuliza ni yupi kati yao mwenye mimba, alijibu kwamba angetafuta kitabu kinachoeleza dalili, kisha atuletee jibu. Wazee walinitazama. Nami nikatazama miguu yangu.

Siku za mnada wenzake walinunua mbuzi, yeye alinunua vitabu. Vilikuwa vinamwagwa juu ya turubai, vikuukuu, pembeni ya mitumba, naye aliinama hapo mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Hakuchagua. Alinunua kitabu cha ufugaji wa kuku ilhali hakuwa na kuku hata mmoja. Alinunua riwaya ya mpelelezi na riwaya ya mapenzi, kitabu cha nyota, kitabu cha wafalme wa nchi za mbali, kitabu cha magonjwa ya tumbo, mashairi, hadithi za watoto zenye sungura ndani yake, maisha ya mwanasiasa mmoja aliyevaa kofia, na kitabu cha kumfundisha mtu kutajirika, ambacho aliyekiuza alikuwa amevaa kandambili za rangi mbili tofauti. Mama yako hakuvisoma. Alisema nyumba yenye msomaji mmoja inahitaji mtu wa kukumbuka kwamba chumvi imekwisha.

Alipofariki baba yako, ndugu zake walikuja kugawana. Sitawasema vibaya, maana mmoja wao bado ananisalimia. Walichukua kitanda, wakachukua makochi, wakachukua pikipiki, wakachukua hata fimbo ya pazia, ingawa pazia lenyewe waliliacha sakafuni. Vitabu walivishika kimoja kimoja, wakavitikisa kichwa chini ili waone kama marehemu alificha noti ndani, kisha wakavitupa kwenye kona. Mama yako alivikusanya katika magunia ya pamba, akakodi guta la magurudumu matatu, akavileta kwangu.

"Baba," aliniambia, "hivi tu ndivyo walivyoniachia."

"Naona."

"Nakwenda Mwanza. Nimepata kazi ya kupika kwenye shule moja. Nikipata chumba Bariadi nitarudi kuvichukua. Nakuomba, kisipotee hata kimoja. Yule mtu sina kitu chake kingine."

"Mayu," nikamwambia, na wewe unajua kwamba namwita mayu, yaani mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu, "umewahi kusikia nimepoteza ng'ombe wa mtu?"

"Hapana, baba. Lakini hivi si ng'ombe."

"Ng'ombe anatembea, anaibwa, anaugua, anaangukia kisimani. Kama hao sikuwapoteza, hivi visivyo na miguu vitakwenda wapi?"

Akapanda guta. Hakulia mbele yangu. Kwetu hatulii ovyo. Lakini niliona namna alivyogeuka kuyatazama magunia, si kunitazama mimi, na nikaelewa ni kitu gani nimepewa.

Nikaviweka katika ghala, juu ya mbao, mahali pasipo na unyevu. Baada ya muda mfupi nikaenda kuvitazama kama mfugaji anavyotazama zizi asubuhi, nikakuta mchwa wamepanda. Walikuwa wamejenga njia yao ya udongo kutoka ardhini mpaka kwenye gunia, na tayari walikuwa wamemla sungura wa hadithi za watoto upande mmoja. Niliwafagia, nikamwaga majivu, nikakaa kwenye kigoda kufikiri.

Mfugaji hawalazi ng'ombe wake wote zizi moja, maana homa ikiingia humo atapambazukiwa hana kitu. Sisi tunayo desturi, inaitwa kubilisa. Unampelekea mtu unayemwamini ng'ombe wako akutunzie. Maziwa anakunywa yeye, samadi anamwaga shambani kwake. Ndama wakizaliwa ni wako, naye lazima akuletee habari zao. Akitunza vizuri kwa muda mrefu unampa mtamba awe wake kabisa. Hivyo ndivyo baba yangu alivyookoa kundi lake mwaka ambao nusu ya ng'ombe wa Migato walikufa. Nikajiuliza: kuna sababu gani vitabu visibiliswe?

Lakini ng'ombe hapelekwi kwa watu bila alama. Nikachukua kisu changu kifupi, kile cha kazi hiyo, nikakinoa, nikavitoa vitabu nje, nikavikata masikio. La kulia, juu, kipande kidogo cha pembe tatu, kama alama ya ukoo wetu ilivyo. Sikukata jalada peke yake, kwa sababu jalada linaweza kuchunwa na mwizi. Nilikata mpaka ukurasa wa mwisho. Kitabu cha mashairi kilikatika mara moja kama sikio la ndama. Yule mwanasiasa alikuwa mnene, nikamkata kwa awamu, na kwenye picha yake akapoteza kipande cha kofia. Umeinamisha kichwa. Najua unachofikiri. Mama yako alifikiri hivyo hivyo, tutafika hapo.

Kila kitabu nilikijua kwa ngozi yake, kama ninavyowajua ng'ombe. Mwekundu mwenye paji jeupe, huyo ni wa mapenzi. Mweusi mwenye bunduki, wa upelelezi. Wa bluu mwenye madoa, wa nyota. Wa kuku ana kuku. Kwa hiyo usimsikilize anayesema kwamba babu yako alikuwa na mali asiyoijua.

Nikavigawa. Mweusi nilimpelekea fundi baiskeli wa Dutwa, pamoja na yule wa kuku, kwa sababu fundi hukaa siku nzima akisubiri baiskeli ziharibike. Mwekundu nilimpa jirani yangu, mama wa kwaya, mwenye mashamba ya mpunga, aliyekuwa amejifungia ndani mno tangu watoto wake waolewe. Yule wa nyota nilimpelekea mwenzangu wa Migato, mzee anayetazama anga kabla ya kupanda na ambaye bado humwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya wazee wake. Alisoma kidogo enzi hizo, naye husoma kwa sauti kama anayehutubia mkutano. Wengine walikwenda kwa wengine, sitakuchosha.

Wote niliwapa masharti mamoja. "Kusoma ndiyo maziwa, kunywa wewe. Ndama ni wangu. Kila utakaposoma sehemu, utakuja hapa unisimulie. Wala usiruke hata neno moja lililo juu ya karatasi. Nitajua."

"Utajuaje, mzee," fundi akauliza, "nawe husomi?"

"Nitakujua wewe," nikamjibu. "Wewe nimekusoma tangu ulipokuwa unaiba miwa yangu."

Basi wakawa wanakuja. Nilikaa kwenye kigoda changu, nao wakakaa kwenye benchi, wakasimulia. Fundi alikuwa akisimama kumwigiza mpelelezi, ananyatia kuku wangu uani mpaka nao wakaanza kumwogopa. Mama wa kwaya alisimulia akiwa ametazama pembeni, maana mambo ya kitabu chake yalikuwa mazito kumwambia mzee.

"Hapo, baba, kijana akamshika yule binti mkono."

"Kisha?"

"Kisha... ukurasa ukaisha."

"Ukurasa umeisha upande mmoja. Geuza."

"Akamshika na mkono wa pili, baba."

"Huyo kijana hana kazi ya kufanya? Hakuna mpunga kwao?"

Yule wa Migato alikuwa akifika na baiskeli na mzozo. Kitabu kinasema nyota fulani iko mbali kiasi kwamba mwanga tunaouona umetoka huko kabla ya babu zetu kuzaliwa. "Huyu mwandishi anawajua babu zangu?" aliniuliza kwa ukali, kana kwamba niliandika mimi. Lakini hakukosa kuja. Aliporudi mara ya pili alikubali kwamba inawezekana, ila akataka kujua nani aliyekuwapo huko kuuwasha.

Sasa sikiliza hapa, na uandike vizuri. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nasikia vyote. Kila mtunzaji alikuwa na kitabu chake, viwili akizidi. Nikaanza kugundua jambo. Mwandishi wa kuku alieleza kwamba jogoo anayewika mapema mno huwakosesha wengine usingizi, halafu akasema: "Huyu ni mke wangu siku ya Jumapili, kabla ya misa ya kwanza." Nikaona, sawa, mfuga kuku naye ana mke. Baada ya hapo aliyekuwa na kitabu cha wafalme akaja, akasimulia mfalme aliyekuwa na washauri nusu ya ukumbi, na mwandishi akaongeza: "Mimi ninaye mmoja, na angetosha nchi nzima." Fundi akaleta mpelelezi aliyeshindwa kumtambua muuaji, na mwandishi akasema: "Mke wangu angemkamata kabla ya chai, kwa namna anavyonusa shati." Hata yule wa nyota! Alieleza juu ya nyota moja yenye joto la kuyeyusha chuma, akasema: "Hapa ndipo mke wangu anapopatia chai yake."

Nilifikiri sana. Hao ni watu mbalimbali, wengine weusi, wengine Wazungu, wengine wamekufa zamani. Iweje wote wamcheke mwanamke mmoja, mkali, mwenye kuamka mapema, mwenye chai ya moto? Nikaamua kwamba waandishi wa vitabu ni kama koo zetu zenye utani: wameoa nyumba moja, na yule ni shemeji yao. Sikumwuliza mtu. Mzee haulizi jambo ambalo ameshaliamua.

Mama yako alipiga simu wakati pamba imeanza kupasuka. "Baba, nimepata chumba Bariadi. Jumamosi nakuja kuchukua vitabu vyangu. Vipo vyote?"

"Vipo."

"Baba."

"Nimesema vipo."

Havikuwapo. Nyumbani hapakuwa na hata kimoja. Nikampa kijana wa bodaboda kazi ya kuzunguka kwa watunzaji wote na ujumbe mmoja: mwenye mali anakuja, rudisha. Ijumaa wakaanza kuleta. Nikavipanga kwenye mkeka, nikavipitia sikio kwa sikio. Jioni vilikuwa vimetimia, isipokuwa wa nyota. Kijana wa bodaboda akaniletea jibu kutoka Migato: mwenzangu anasema hawezi kumrudisha, mvua hazijaanza na bado anakilinganisha kitabu na anga.

Sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya ng'ombe wangu mwenyewe. Lakini ng'ombe wa mtu aliyefiwa, ambaye hana kingine, huyo ni mwingine.

Mama yako alifika Jumamosi na guta lile lile. Akasalimia, mwangaluka, nikaitikia. Akaona mkeka, uso ukafunguka. Akainama, akamchukua mwekundu mwenye paji jeupe. Akapitisha kidole kwenye pembe ya juu. Akamchukua mweusi. Akamchukua mwanasiasa.

"Baba. Vimefanywa nini hivi?"

"Vina alama."

"Alama ya nini?"

"Ya ukoo. Sasa ukikutana nacho hata Shinyanga, utakijua."

"Baba, umevikata masikio?"

"Kidogo tu. Havikutoa damu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikaa chini kwenye ukingo wa mkeka, akavikusanya magotini kama mtu anayekinga mvua, akaniambia kwa sauti ndogo sana: "Nilikuachia wewe, baba, sikumwachia kaka mwenye nyumba ya bati jipya na kabati la kioo. Nilisema kwako hakiguswi kitu. Na kile cha nyota kiko wapi? Ndicho alichokuwa akisoma mume wangu alipokuwa mgonjwa."

Mjukuu wangu, nimesimama mbele ya mabaraza ya kata, nimesimama mbele ya wezi wa mifugo wenye mapanga. Siku ile ndiyo niliyotamani kukimbia.

Kilichoniokoa ni kwamba watunzaji walikuwa wamebaki. Desturi inasema anayemrudisha ng'ombe hutoa habari zake za mwisho mbele ya mwenye mali, na fundi baiskeli, ambaye hajui kusoma uso wa mtu hata akipewa miwani, aliona wakati wake umefika. Akasimama.

"Shikamoo, dada. Mimi ndiye niliyekuwa na huyu mweusi. Muuaji ni daktari."

"Sitaki kujua," mama yako akasema.

"Ni lazima ujue, ndama ni wako. Mpelelezi alizunguka mji mzima bila kumwona. Na mwandishi anasema mpelelezi huyu ni mzembe, mke wake angemkamata kabla ya chai, kwa namna anavyonusa shati."

Mama yako aliinua kichwa. "Nani kasema?"

"Mwandishi."

"Mwandishi gani anazungumza hivyo?"

"Si huyu huyu? Hapa pembeni, dada. Kwa penseli."

Alikuwa ameshakichukua kitabu, anaonyesha. Mimi sikujua kwamba kuna maneno ya chapa na maneno ya penseli. Kwangu yote ni nyayo nyeusi juu ya karatasi. Niliwaamuru wasiruke neno lolote lililo juu ya karatasi, nao, kwa kuwa waliniogopa kama inavyostahili, walisoma yote, ya katikati na ya pembeni, wakayasimulia kwa sauti moja.

Mama yako alisoma pale pembeni. Akasoma tena. Akafungua wa kuku, akatafuta jogoo. Nikamwona mabega yanaanza kutikisika, nikasema moyoni, sasa analia, na watu wapo. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka, akawa anakipiga kitabu kofi kana kwamba kina mashavu. "Huyu mtu! Huyu mtu! Kila jioni nilikuwa namwona anaandika, nilidhani ni hesabu za kinu!" Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kunawa uso, akakaa huko muda. Hakuna aliyemfuata. Mama wa kwaya akaanza kupepeta mchele ambao haukuwa na makapi.

Nikamwambia fundi, "Kwa hiyo hao waandishi hawakuoa nyumba moja?"

"Hapana, mzee."

"Na shemeji yao?"

"Ni binti yako, mzee."

Nikamwambia anyamaze. Lakini nikazipitia upya kichwani zile habari zote, na nikakiri kwamba chai ya mama yako kweli ni ya moto kupita kiasi. Usimwonyeshe sentensi hiyo. Au mwonyeshe.

Mwenzangu wa Migato alifika alasiri, vumbi mpaka kwenye kope, kitabu cha nyota kimefungwa ndani ya kaniki nyeusi kama mtoto. Kijana wa bodaboda alikuwa amemweleza kwamba mwenye mali amefiwa. Hakunisalimia mimi, alikwenda moja kwa moja kwa mama yako, akampa kitabu kwa mikono miwili. "Nimemchelewesha, mwanangu, kwa sababu ukurasa wa mwisho una maneno ya pembeni yasiyonihusu, nikawa sijui nimsimulie nani. Nimeyaruka. Ni ya kwako." Huyo peke yake ndiye aliyevunja amri yangu, na sikumlaumu. Mama yako hakuyasoma mbele yetu. Mpaka leo sijui yanasemaje, wala sijauliza. Nawe usiulize mpaka akuonyeshe mwenyewe.

Watunzaji walitaka mitamba yao, kama desturi inavyodai. Kila mmoja alikuwa ameshachagua kitabu moyoni. Lakini mama yako alivipakia vyote kwenye guta, kila kimoja. Alisema hajanywa maziwa yake mwenyewe. Ilikuwa haki yake. Mwenye ng'ombe akiwataka ng'ombe wake hakuna wa kumzuia. Guta likaondoka, na benchi langu likabaki na fundi anayetazama mikono yake, na mama wa kwaya aliyekuwa hajamaliza riwaya na hajui kama yule kijana alimwoa binti au alimshika mikono bure.

Ilikuwa kimya hapa nyumbani, mjukuu wangu. Sitasema zaidi ya hapo.

Pamba ikauzwa, mvua zikaja, tukapanda. Ndipo siku moja kondakta wa basi la Bariadi akateremsha kifurushi barabarani, kwa ajili yangu. Ndani alikuwamo mwekundu mwenye paji jeupe. Mama yako akapiga simu: "Baba, mrudishie mama wa kwaya, amalize. Ila akusimulie yote, na ya upande wa pili."

Mama wa kwaya alikuja kabla sijakunywa chai. Akasoma, akasimulia. Kijana alikuwa akimwambia binti maneno matamu ya kuyeyusha siagi, na pembeni baba yako alikuwa ameandika: "Nikimwambia mke wangu hivi, ataniuliza nimevunja nini."

"Hayo nayajua," nikasema. "Ulishanisimulia."

"Ndiyo, baba. Lakini upande wa pili sasa kuna mengine. Ya wino."

"Yanasemaje?"

"Yanasema: 'Na ulikuwa umevunja. Birika la maua. Usifikiri sikuliona kule nyuma ya jiko.'"

Vimerudi kimoja kimoja tangu hapo, kwa mabasi, kwa bodaboda, vingine kwa mkono wa mama yako mwenyewe anapokuja kunitembelea. Kila kinachorudi kina penseli upande mmoja na wino upande wa pili, na watunzaji wanasimulia vitabu vitatu pale palipokuwa na kimoja. Fundi amelazimika kujifunza sauti ya mwanamke. Yule wa nyota hajarudi, na hatarudi. Huyo mama yako amebaki naye, naye mwenzangu wa Migato ameridhika kutazama anga bila msaada. Watunzaji wengine wamepewa kila mmoja mtamba wake, kama ilivyo haki. Fundi alichukua kitabu cha kutajirika. Anasema bado anangoja.

Sasa shika haya. Vitabu hivi siku moja vitakuwa vyako. Usivifungie katika kabati la kioo kama mjomba wako anavyofungia vikombe. Vibilise, uwachague watu wenye mdomo, usimpe mtu anayerudisha kitabu na kusema tu kwamba ni kizuri. Yale ya penseli usiyafute, hata mwalimu akikwambia kwamba kitabu kizuri hakiandikwi pembeni. Na wino wa mama yako usiuchekee mbele yake. Yule wa nyota mwache kwa mama yako mpaka yeye mwenyewe akukabidhi. Mchwa wapigie majivu, si dawa ya dukani, dawa inabadilisha harufu ya karatasi. Kitakachopotea usikililie, kina sikio, mtu atakijua.

Na haya niliyokusimulia leo, usiyanakili kwenye simu. Yaweke kwenye karatasi, uache nafasi pembeni kwa ajili ya mama yako, maana najua atapinga habari za chai. Ukimaliza, nenda jikoni ukaniletee kisu kile kifupi, tuyakate sikio. La kulia, juu.